Shimo la Dole Gumba

Nyumba yetu ya Cimpunda, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, iko juu kabisa, na njia yake ni ngazi za udongo zinazoteleza mvua ikinyesha. Mama alizipanda kila jioni akitoka kuuza makayabu, samaki wa chumvi, soko la Kadutu, beseni kichwani, na hakuwa mtu wa kusimama njiani. Mwaka ule alianza kupumzika mara moja, kwenye bomba la maji. Kisha mara tatu. Mwishowe nikawa nashuka kumpokea beseni, namkuta amekaa juu ya jiwe, mkono kifuani, hawezi hata kunijibu salamu.

Miguu ikavimba. Usiku akakohoa. Mto mmoja ukawa miwili, tukaongeza gunia la nguo, na bado aliamka ghafla akitafuta hewa dirishani.

“Karuho,” watu wakasema.

Bukavu, mtu akikohoa na kuvimba, neno hilo hutangulia jina la ugonjwa wowote. Karuho ni sumu, na sumu lazima iwe na aliyeitia. Mama akakumbuka kasiksi, pombe ya ndizi, aliyoinywa matangani kwa jirani yetu wa chini, rafiki yake wa miaka ishirini. Tangu siku hiyo jirani hakusalimiwa tena. Mimi pia, nilipopishana naye kwenye ngazi, niligeuza uso. Alikuwa amebeba maji, akasogea pembeni ili nipite.

Wiki tatu nzima tulimpeleka Mama kwa mganga wa kutapisha. Wiki hizo zinaniuma hadi leo, maana kila siku moyo wake ulikuwa unazidi kudhoofika nasi tunamtafuta mchawi.

Usiku wa mwisho hakulala kabisa. Alikaa kwenye kiti, ameinamia meza, na kifuani mwake mlisikika sauti kama maji yanayotokota. Usiku kwetu haushukiki kwa usalama, tukangoja kupambazuke. Saa kumi na moja alfajiri kaka zangu wakambeba na kiti chake hadi barabarani, motari, dereva wa pikipiki, akatufikisha hospitalini, mimi nimemshika kwa nyuma asianguke.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mzee. Hakuuliza mengi. Alimpima presha, akatikisa kichwa, kisha akapiga magoti mbele ya Mama. Akabonyeza dole gumba juu ya mfupa wa mguu, akahesabu polepole hadi tano, akaliondoa. Shimo likabaki. Lingeweza kushika punje ya haragwe. Nililitazama muda mrefu likikataa kujaa.

Nikamwambia, “Papa, wamemtilia karuho.”

“Mwanangu, hapa hakuna mkono wa mtu. Haya ni maji. Moyo ni pampu, na pampu yake imechoka. Damu ikikosa kusukumwa inarundikana nyuma, maji yanapenya mishipa, yanaingia miguuni na mapafuni. Akilala, ya miguuni yanarudi kifuani. Ndiyo maana anaogopa kulala.”

Alikuwa kama mtu aliyekaa nyumbani kwetu wiki hizo zote.

Walimpa oksijeni na sindano ya furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Ndani ya saa moja aliomba ndoo, kisha akaiomba tena na tena. Jioni alilala, kichwa kimeinuliwa kidogo tu, na mimi nikakaa nikisikiliza pumzi yake inayokuja bila kelele.

Daktari alipompima moyo kwa mashine ya picha, alituambia kwamba moyo wenye nguvu, kila pigo, husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyojaa chumba chake kikubwa cha kushoto. Wa Mama haukufika theluthi. Presha ya miaka mingi isiyotibiwa ndiyo iliyouchosha. Nilisikia “moyo umeshindwa” nikaanza kulia, nikidhani anatuaga. Akanishika bega: umedhoofika, haujasimama, na dawa zipo.

Baada ya siku nane Mama alikuwa ameshuka kutoka kilo 64 hadi 58. Kilo sita za maji! Tulirudi na kinini, yaani vidonge, za kila siku, ambazo hakutakiwa kuziacha hata akijisikia mzima, na katazo la diklofenaki, dawa ya maumivu aliyokuwa akimeza kwa ajili ya magoti, kwa sababu hufanya maji yabaki mwilini. Tulinunua mizani. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, apande. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, turudi hospitalini bila kungoja miguu ivimbe. Chumvi, ya chakula cha siku nzima, isizidi kijiko kimoja cha chai. Kwa mwanamke aliyeishi kwa kuuza makayabu, na jioni akapika vipande vilivyovunjika, hilo ndilo lililomliza.

Jumapili nilishuka kwa jirani. Nilipiga magoti mlangoni pake, nikamweleza shimo la mguuni, pampu, ndoo, yote. Alisikiliza akichambua sombe, majani ya muhogo, hakusema kitu, na mikono yake haikusimama. Nikapanda nikijua sitasamehewa.

Kesho yake, alfajiri, mlango ukagongwa. Alikuwa ameshika sufuria iliyofungwa kitenge: sombe ya vitunguu na pilipili, bila chembe ya chumvi. Aliiweka mezani, akamshika Mama mkono na kumpandisha kwenye mizani, kisha akainama mpaka uso ukakaribia namba.

“Simama vizuri, dada,” alisema. “Usitikisike, nisome.”