Povu lilipoziba mrija

Usiku wa kuamkia leo, saa nane, niliamshwa na mlio: pwaa! Kifuniko cha bidoni, dumu ninalochachushia bia nyumbani, kilikuwa chini ya meza na povu la bia likitiririka ukutani. Mrija wa kutolea hewa ulikuwa umezibwa na povu zito. Nilikuwa nimejaza lita 20 hadi shingoni, na siku mbili za kwanza chachu hufanya kazi kwa nguvu. Gesi ikikosa njia inajitafutia.

Asubuhi nikashuka soko la Kadutu, nikanunua mrija wa mpira, mnene kama kidole gumba. Ncha moja kwenye kifuniko, nyingine ndani ya chupa ya maji yaliyochemshwa. Bidoni nimeibakiza na lita 16. Naandika huku naisikia: blup… blup…

Baridi ya Bukavu pia inahitaji uangalifu. Bidoni ikipoa usiku, huvuta maji ya chupa yarudi ndani, kwa hiyo weka maji kidogo, safi kabisa.

Mama mkubwa, fundi wa kasiksi, pombe ya ndizi, aliuliza mpira wa nini. Nikamweleza: kasiksi hunyweka siku chache tu, Mama, lakini hii itakaa wiki mbili, hewa ya nje ikiingia inageuka siki. Akainama, akasikiliza ile blup kwa muda mrefu.