Turubai la baba mdogo

Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi haina mzaha, na jikoni kwa bibi moto uliwaka tangu alfajiri hadi watu walipokwenda kulala. Kuni za mwaka mzima zilipasuliwa kiangazi. Miti ya miwati ililetwa imeshachunwa, maana magome yake huuzwa kiwandani yakatengenezewe dawa ya kusindika ngozi za wanyama, kwa hiyo ilikauka bila kusumbua. Shughuli ilikuwa milingoti, yaani mikaratusi. Bibi alitaka ipasuliwe ingali mibichi; ikishakauka shoka linanasa, na mpasuaji anaanza kutukana mbele ya watoto.

Kupanga hakumwachia mtu. Alilaza magogo juu ya mawe ili mchwa na unyevu wa ardhi visizifikie, kisha akapanga kuni juu yake, akiacha kati ya kipande na kipande mwanya wa kupitisha vidole. Juu kabisa mabati machakavu, yamekandamizwa kwa mawe. Ubavuni wazi.

Desemba ile, nikiwa darasa la sita, baba mdogo alikuja kutoka Dar es Salaam kula Krismasi, akakuta mvua inazipiga kuni ubavuni. Roho ikamuuma. Bibi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake kijiji cha pili. Baba mdogo akashuka mjini, akarudi na turubai jipya la bluu, akazifunika kuanzia juu hadi chini na kukaza kamba pande zote.

Bibi aliporudi baada ya siku kadhaa hata mzigo hakuutua. Alifungua kamba upande mmoja, akaingiza mkono. Nilikuwa nyuma yake: ulitoka mvuke wenye harufu ya uyoga, na turubai kwa ndani lilikuwa limejaa matone. Vipande vya milingoti iliyopasuliwa mwishoni, mwezi wa kumi, vilikuwa vimeota ukungu mweupe kwenye nyufa.

“Nani kazivalisha kuni koti?”

“Mimi, mama. Zilikuwa zinalowa.”

“Mvua ya ubavuni upepo wa mchana unaifuta. Haya maji yaliyomo ndani ya mti unataka yatokee wapi?”

Baba mdogo, mtu wa benki, akaanza kueleza bei ya lile turubai. Bibi akaokota vipande viwili vya muwati, akavigonganisha: vikalia ko, ko. Akachomoa viwili vya mlingoti: du.

“Hivi kesho utachemshia chai wewe mwenyewe.”

Na kweli alichemsha. Kuni zilifoka, zikatoa povu kwenye ncha, moshi ukamtoa machozi mtu mzima na suruali yake ya mjini, huku sisi watoto tukijifanya tunatafuta vikombe. Chai ilipatikana jua likiwa limeshapanda.

Turubai lenyewe bibi alilipenda, tusimsingizie. Lilikaa miaka mingi juu ya banda la nguruwe.