Wanja mzito unaokaa: jinsi ninavyojipodoa kigothi nyumbani

Ngozi ya kope zangu ina mafuta. Nalitanguliza hilo kwa sababu karibu maelekezo yote ya mekapu ya kigothi (ya gothi, ule mtindo wa muziki na mavazi meusi) niliyoyakuta yanadhani kila mtu ana kope kavu. Wanja nikiupaka jioni nikauacha hivi hivi, baada ya saa mbili unakuwa umeshahamia kwenye mkunjo wa kope na kuchora mstari wa pili ambao sikuuomba. Na gothi bila wanja wa kueleweka ni nguo nyeusi tu.

Nilichokuwa nakitaka ni uso wa kuvumilia usiku mzima wa muziki na jasho, nisiwe mtu wa kukimbilia kioo kila mara, na nitumie vitu vya kawaida mbele ya kioo cha chumbani. Sasa ninao. Haukuletwa na bidhaa ghali, wala na kurundika rangi. Ninapaka kidogo, nakausha, narudia. Watu wakiuona weusi ule hudhani nimemwaga chupa nzima, kumbe kila safu ni nyembamba.

Sababu yake inaeleweka ukijua wanja umetengenezwa na nini. Penseli ya wanja ni nta na mafuta yaliyobeba rangi, mara nyingi oksaidi ya chuma au kaboni. Mafuta huyeyushwa na mafuta mwenzake. Kwa hiyo ngozi ikitoa mafuta yake, na joto la mwili likaongezeka, nta inalainika na kuanza safari. Ukiongeza penseli juu ya penseli umeongeza tu kitu cha kuyeyuka. Inayotakiwa juu yake ni poda, maana poda inafyonza.

Basi naanza hivi. Nanawa uso, napaka losheni nyepesi, lakini kwenye kope sipaki kabisa, na kabla ya kuendelea nazifuta kwa tishu kavu. Halafu praima ya kope, ile krimu ya kutangulia inayoifanya mekapu ishike, kiasi kidogo sana, naisambaza kwa ncha ya kidole mpaka nisiione tena. Ikikauka ndipo napaka penseli nyeusi laini kwenye kope yote inayosogea na kuisambaza haraka kwa brashi ndogo, kabla haijashika. Inaonekana chafu hatua hii, kama mtu aliyelia, na ndivyo inavyotakiwa. Kazi ya penseli hapa ni kunata tu. Weusi wenyewe unaletwa na poda nyeusi ya kope isiyong'aa, ambayo naibonyeza juu yake kwa brashi bapa. Nasisitiza kubonyeza. Ukifagia, unaing'oa penseli iliyo chini na kubaki na mabaka ya kijivu.

Poda nyeusi huanguka. Hakuna brashi wala ufundi utakaoizuia isidondoke mashavuni, na ikikuta fondesheni mbichi, yaani rangi ya msingi ya uso, inageuka madoa ambayo kila ukiyafuta yanapanuka. Ndiyo maana macho nayamaliza kabisa kabla sijagusa sehemu nyingine ya uso. Vumbi likianguka, linaanguka kwenye ngozi tupu. Nalipangusa, kisha nachukua kijiti cha pamba chenye tone la maji ya kuondolea mekapu na kukata ukingo wa chini, kutoka pembe ya nje ya jicho kuelekea mwisho wa nyusi. Ukingo ule mkali, unaofanya jicho lionekane limechongwa, sichori kwa mkono thabiti. Naupata kwa kufuta. Mimi mkono wangu unatetemeka, na hakuna anayejua.

Umbo lenyewe nililianzia kwenye picha za Siouxsie Sioux, yule mwimbaji Mwingereza ambaye wanja wake ulikuwa unavuka jicho na kukaribia kukutana na nyusi. Nilichojifunza kwa kulijaribu ni kwamba mstari wa namna hiyo lazima uchorwe jicho likiwa wazi, ukitazama mbele. Ukichora jicho limefumbwa na ngozi imevutwa kwa kidole, ukifumbua mstari unavunjika pale kope inapokunjika. Naweka nukta ya mwisho kwanza, pale ninapotaka mkia ufike, halafu naiunganisha nukta hiyo na jicho. Mstari huo napitishia wanja wa maji usioyeyuka kwa maji. Aina hiyo huwa na kiyeyusho kinachopaa na kuacha utando wa rangi, kwa hiyo ukitazama juu kabla haujakauka, utajigandamiza kwenye mkunjo. Natazama chini kama dakika moja. Inachosha.

Ndani ya ukingo wa jicho, ule mstari wenye unyevu, sipaki tena. Najua magothi wengi hupaka, na picha zinapendeza. Lakini pale ndipo vilipo vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya kulinda machozi, na chochote unachokiweka huishia jichoni. Badala yake naibonyeza penseli katikati ya mizizi ya nywele za kope kutokea juu, na kwa chini naipitisha nje tu. Kwa mtu aliyesimama hatua mbili mbele yangu tofauti haipo. Wanja wa manga wa unga nao siuweki, kwa kuwa baadhi ya aina zake hutengenezwa kwa madini yenye risasi; Marekani wanja huo haukubaliki kabisa kama rangi ya vipodozi. Na kama unapenda kivuli chekundu machoni, tafuta chekundu kilichotengenezwa kwa macho. Lipstiki nyekundu ina rangi ambazo baadhi zinaruhusiwa mdomoni lakini si karibu na jicho.

Sasa suala la uso mweupe. Ngozi yangu ni nyeusi, na fondesheni nyeupe juu yake hainifanyi mzuka wa kuvutia, inanifanya mgonjwa. Rangi nyeupe ya vipodozi kwa kawaida ni dioksidi ya titani, na juu ya ngozi iliyoiva hutoa kijivu. Kuna wanaoipenda hiyo kijivu kwa makusudi, ni sawa. Mimi naamini kilichokuwa kinatafutwa na wale wa Batcave, klabu ya usiku ya magothi iliyofunguliwa London mwaka 1982, ni ukinzani wa mwanga na giza, na ukinzani una njia nyingi. Natumia fondesheni ya rangi yangu hasa, isiyong'aa, safu moja. Kwenye mashimo ya mashavu nasambaza zambarau iliyoiva au rangi ya damu ya mzee badala ya kahawia. Na kwenye jicho naweka tone la weusi unaong'aa katikati ya kope, juu ya ule usiong'aa. Weusi mbili zikikaa pamoja, jicho linapata kina ambacho weupe usingenipa. Poda ya kukausha naichagua kwa uangalifu: zile nyeupe zenye silika (unga laini wa madini) nyingi hazionekani chumbani, ila kamera ikipiga mwako unatokea na mabaka.

Mdomo ni mwepesi kuliko watu wanavyouogopa. Nausugua taratibu kwa kitambaa chenye maji, naujaza wote kwa penseli nyeusi ya mdomo, halafu lipstiki ya maji isiyong'aa, nyembamba. Ikikauka naubana kwa tishu. Safu ya pili naiweka pale tu palipo na upungufu, kwa sababu lipstiki ya namna hii ikiwa nene hupasuka. Chakula cha mafuta kitaiondoa hata ufanyeje. Ikitokea, sijaribu kuficha, naisambaza kwa kidole nje kidogo ya mdomo. Robert Smith, mwimbaji wa bendi ya The Cure, amepaka lipstiki ovyo ovyo miaka nenda rudi na hakuna aliyemwambia akanawe.

Mwisho ni sprei ya kushikiza, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa nusu, macho yamefumbwa, na siugusi uso mpaka umekauka. Jasho likija nabonyeza tishu, sifuti.

Kuondoa kunataka subira kuliko kupaka. Maji na sabuni peke yake haviuwezi wanja huu, hivyo narudi kwenye kanuni ileile ya mafuta kwa mafuta: pamba yenye mafuta ya kusafishia mekapu, naiweka juu ya jicho lililofumbwa, nahesabu polepole hadi 30, kisha navuta kuelekea chini bila kusugua. Halafu ndipo nanawa. Bidhaa mpya naijaribu kwanza nyuma ya sikio, siku moja kabla. Maskara naibadilisha kila baada ya miezi mitatu hivi hata kama haijaisha, na penseli naichonga kila baada ya kutumia, ili ncha iliyogusa jicho isirudi tena jichoni.