Chaki ilivyonisaidia kuondoa huruma ulingoni

Nilipoanza kuwafundisha mabinti ngumi, makocha wenzangu, tena wazoefu, walinipa ushauri mmoja: "Mwalimu, hao waache waruke kamba tu, sparingi, kupigana kwa mazoezi, itawaharibu sura." Baba mmoja akataka nimtajie mwanamke aliyefika popote kwa ngumi. Nikamtajia Christine Ongare wa Kenya, aliyeleta shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Kesho yake binti akaja mazoezini.

Mabinti hawakunisumbua. Walionisumbua ni wavulana. Ukimpanga mvulana na binti, ngumi anaikatisha njiani akidhani ndiyo adabu. Binti anazoea umbali wa uongo, anasimama palepale ambapo ngumi ya kweli ingemkuta, mikono iko chini. Siku ya pambano anaumia bure.

Dawa niliipata kwenye chaki ya ubaoni. Saga vipande viwili, pangusa glovu kwa kitambaa kibichi, pakaza, kisha zikung'ute ili vumbi lisiingie machoni. Wote wawili wavae fulana nyeusi. Glovu ziwe za aunsi 16, uzito wao usipishane zaidi ya kilo tatu, ngumi za mwilini tu, dakika mbili. Kengele ikilia, hesabu madoa. Fulana ya binti ikibaki safi, mvulana anarudia raundi. Loo, walinung'unika! Walinyamaza walipoona fulana zao wenyewe zimegeuka nyeupe. Kuna bingwa wa ushauri aliniambia nitumie chokaa ya ukutani kwa kuwa ni rahisi zaidi. Chokaa inaunguza macho, usithubutu.

Nywele nazo zina mambo. Suka twende kilioni, mwisho wake ulale shingoni. Shanga au fundo la utosini huisukuma kofia ya kinga mpaka inaziba macho. Ukinunua kofia ya mtumba, bonyeza sifongo kwa kidole gumba. Isiporudi juu, iache hapohapo.

Glovu za klabu nyingi ni za mikono mikubwa, ngumi ya binti inacheza ndani na kifundo cha mkono kinateguka. Tumia bandeji ya mita nne na nusu, uongeze mizunguko mitatu juu ya konzi kabla ya kupita kati ya vidole. Bei yake haitishi. Kinga ya meno ndiyo msiazimane, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.