Kutoka Chur hadi Tirano, dirisha likiwa wazi

Daftari langu lilikuwa na miji tisa kwa siku kumi na nne. Niliiandika nikiwa Dar es Salaam, usiku, ramani ya reli iko wazi kwenye simu, na kila mstari nilioufuata kwa kidole niliutamani. Dada yangu anayeishi Köln, Ujerumani, alilisoma daftari hilo huku akimenya viazi. Akaniuliza, "Mdogo wangu, umekuja kuona Ulaya au kuona stesheni?"

Pasi ya treni nilishanunua. Sisi tunaotoka nje tunauziwa Eurail. Interrail ni ya wakazi wa kule, ingawa treni ni zile zile. Yangu ilikuwa ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Siku ukiiwasha kwenye simu, unapanda na kushuka utakavyo mpaka saa sita usiku. Nikajua nimemaliza. Kumbe treni za kasi za Ufaransa zinataka kiti ukilipie mbali na pasi, na viti vya wenye pasi ni vya kugombea. Nilipokumbuka kutafuta cha kwenda Paris, vimekwisha. Dada akaikata Paris kwa kalamu, na mingine minne nayo. Bahati nzuri viza haikuguswa: ya Schengen, moja kwa nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na mimi nyingi nilikuwa nalala sebuleni kwake.

Ikabaki miji minne, na katikati yake nikapachika kitu kimoja kisicho mji: reli ya Waswisi inayopanda milima ya Alpi kutoka Chur na kushukia Tirano, Italia. Bernina Express, ile ya watalii yenye vioo mpaka darini, nayo inataka kiti cha kulipia. Lakini kwenye reli hiyo hiyo zinapita treni nyekundu za kawaida, huhitaji kuweka nafasi, unabadilisha mara moja tu njiani. Na madirisha yake mengine yanafunguka! Nikapanda hiyo.

Kabla ya stesheni ya Filisur nikatoa kichwa kidogo. Daraja la Landwasser, la mawe, kimo chake mita 65, linapinda halafu linaishia kwenye ukuta wa jabali. Niliona behewa la mbele likimezwa na mlima, kisha la pili, kisha giza likatufikia. Huko juu stesheni ya Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa mwanzo wa Mei na ziwa bado lina barafu. Vidole vyangu vya Dar vikafa ganzi, nikafunga dirisha. Mzee aliyekuwa mkabala nami akacheka bila kusema neno.

Kutoka hapo ni kuteremka tu, hadi mita 429, wala reli haina meno ya kushikia. Huko Brusio reli ikajizungusha duara zima ikapita chini ya daraja lake yenyewe. Nilipotazama juu, niliona matao tuliyopita muda mfupi uliopita. Jua likawa la Italia, nikavua koti.

Tirano treni inaingia mjini kama daladala. Inakatiza uwanja mbele ya kanisa, magari yanasubiri, na mwanamke mmoja alisimamisha baiskeli yake karibu kabisa na dirisha langu, mkate umetokeza kapuni. Nikampiga picha nikamtumia dada.

Akajibu: "Hiyo stesheni ya ngapi?"