Nilivyosimamia mikataba ya kiwango cha huduma kwenye gridi ya kompyuta za bima

Kazi yangu ni kusimamia gridi ya kompyuta inayotumiwa kwa pamoja na kampuni kadhaa za bima za kundi moja, zenye ofisi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Gridi yenyewe ni seva zilizoko Dar na Nairobi, kompyuta za mezani za ofisini ambazo usiku hazina mtu, pamoja na seva za kukodi Afrika Kusini tunazozikimbilia kazi zikizidi. Programu ya kupanga kazi ni HTCondor, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison mwaka 1988, nayo inazifanya mashine zote hizo zitumike kwa foleni moja. Naandika kuhusu mikataba ya kiwango cha huduma, yaani ahadi za maandishi tunazozipa idara za kampuni hizo juu ya huduma ya gridi, kwa sababu imenichosha akili kuliko mashine, na bado naona wenzangu wengi wanaisaini bila kujua wameahidi nini.

Mkataba nilioukuta ulisema gridi itapatikana kwa asilimia 99.5 ya muda wa kila mwezi. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni ruhusa ya kuzimika saa tatu na dakika 36. Zikiangukia Jumapili alasiri, hakuna anayejua. Zikiangukia usiku wa kufunga hesabu za robo mwaka, taarifa zinachelewa, wakuu wanapigiana simu, na kwenye karatasi sisi tumetimiza ahadi. Mkataba wa namna hiyo haumlindi mteja, wala haumsaidii mtoa huduma kujua aweke nguvu wapi.

Uzito wa jambo ulikuja na IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bima kilichoanza kutumika 1 Januari 2023. Kinazitaka kampuni zikadirie upya, kila zinapotoa taarifa, fedha zitakazoingia na kutoka kwenye mikataba ya bima. Mikataba inapangwa kwa makundi, na iliyotolewa kwa kupishana zaidi ya mwaka mmoja kwa kawaida haichanganywi katika kundi moja. Kila mwaka mpya unaongeza makundi, na kila kundi linahesabiwa kwa viwango tofauti vya riba, vya vifo na vya wateja kuacha bima. Hesabu ambazo zamani zilimalizika kwenye kompyuta moja kwa usiku mmoja zikawa zinahitaji gridi nzima, na kampuni zote zinazihitaji wiki ile ile.

Nilianza kwa mkuu wa watakwimu bima, wale wanaokokotoa hatari na madeni ya bima, wa kampuni kubwa kuliko zote. Nilikwenda ofisini kwake na jedwali langu la asilimia.

“Kaka, hizo asilimia sizihitaji,” aliniambia. “Mimi nataka nikifungua kompyuta saa moja asubuhi nikute matokeo yapo na yamekamilika. Yasipokuwepo, vijana wangu wanakaa bure na wakaguzi wananidai.”

“Sawa dada, ila na wewe mafaili utaniletea saa ngapi?”

“Inategemea.”

Tukakaa siku ile ile kuigeuza hiyo inategemea yake kuwa saa na ukubwa wa kazi. Kwenye hilo nilipata msaada kutoka WS-Agreement, waraka wa viwango uliotolewa na Open Grid Forum mwaka 2007. Uliandikwa ili programu za kompyuta ziweze kupatana huduma zenyewe kwa zenyewe kwa lugha ya XML, jambo ambalo sisi hatukulihitaji. Nilichokipenda ni namna unavyoipasua ahadi vipande: huduma inayohusika, sharti linalotakiwa kutimia kwanza, kiwango chenyewe, na thamani yake kibiashara, yaani adhabu kikikosekana na hata zawadi kikifikiwa. Mikataba mingi niliyoiona ina kiwango na adhabu tu. Sharti halimo, na ugomvi wote hutokea hapo.

Kifungu tulichokubaliana kwa hesabu za taarifa rasmi, tulizoziita daraja A, kilisomeka hivi: “Kazi ya daraja A itakayopokelewa kabla ya 19:00, yenye mafaili yaliyopita ukaguzi wa awali, na isiyozidi ukubwa uliotangazwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi, itakuwa na matokeo kamili kwenye folda ya mteja kabla ya 07:00 ya asubuhi inayofuata.”

Kila neno pale lina sababu yake. Tuliandika 19:00 badala ya saa moja kwa sababu barua pepe zetu zinachanganya Kiswahili na Kiingereza, na saa 7 ya mmoja ni saa moja ya mwenzake. Seva nazo zilikuwa zikiandika kumbukumbu kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Mtu akisoma kumbukumbu hizo bila kulijua hilo ataona faili la saa nne usiku limeingia saa moja, na ataapa kwamba alileta kwa wakati. Tulizifunga seva zote kwenye chanzo kimoja cha saa na kila muhuri wa mapokezi ukaonyesha saa za Afrika Mashariki.

Ukaguzi wa awali ndio uliotupa nafuu kubwa kuliko seva yoyote tuliyonunua. Zamani kazi ilianza jioni, ikaenda vizuri, kisha saa tisa usiku ikafa kwa sababu ya mstari mmoja wa mteja wa bima asiye na tarehe ya kuzaliwa. Sasa kuna programu ndogo inayopitia faili mara tu linapoingia: safu zote zipo? Kuna aliyezaliwa baada ya bima yake kuanza? Kuna kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa herufi? Likiwa na kasoro, mwenyewe anapata ujumbe unaotaja namba ya mstari, naye anarekebisha akiwa bado ofisini. Mkataba unasema saa ya ahadi inaanza kuhesabiwa faili likishapita ukaguzi. Idara ziliona mwanzoni kwamba najikinga. Walipoona kazi haziwafii tena usiku wa manane, lalamiko hilo likaisha.

Madaraja ni matatu. A ni hesabu za taarifa rasmi. B ni kazi za kila siku kama kupanga bei za bima mpya, nazo zinaruhusiwa kusubiri hadi mchana. C ni majaribio ya watafiti, na kwa hilo hatuahidi muda wowote: itafanyika nafasi ikipatikana. Kompyuta za mezani zinahudumia C peke yake. HTCondor inajua kuiondoa kazi mtu akigusa kibodi na kuipeleka kwingine, lakini haiwezi kuwasha umeme. Kwenye mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 kompyuta hizo zilikuwa zinazimika hovyo kwa kuwa jenereta la jengo lilibeba chumba cha seva na taa tu. Aliyeweka hesabu za A kwenye mashine za namna hiyo ameahidi asichokimiliki.

Na hapo ndipo ninapopata hasira na namna biashara hii inavyofanyika. Watu wa mauzo wanaahidi 99.9 bila kuuliza ahadi hiyo imesimama juu ya nini. Chukua umeme wa asilimia 99.5, laini ya mtandao ya 99.5, na hifadhi ya data ya 99.9. Kazi inavihitaji vyote vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo unavizidisha, na unabaki na takriban 98.9. Kwa mwezi hiyo ni karibu saa nane za kukosa huduma, hata kama seva zako hazijaguswa na hitilafu yoyote. Kabla ya kusaini kitu chochote na idara, nilichukua mikataba yetu yote na wanaotuhudumia sisi, ya faiba, jenereta, viyoyozi na seva za kukodi, nikaiweka mezani na kukokotoa. Palipopungua niliongeza kitu au nilishusha ahadi.

Laini ya mtandao ilihitaji ya pili. Kwenye karatasi, laini mbili za kampuni mbili tofauti zinakupa uhakika wa ajabu, kwa sharti kwamba hazikatiki pamoja. Niliomba ramani za njia zao, na kampuni moja ilisita sana kuitoa. Ilipotoka tukaona faiba zote mbili zinapita kwenye mtaro mmoja kando ya barabara inayopanuliwa. Katapila moja lingezikata zote mbili asubuhi moja. Tukadai njia ya upande mwingine wa jengo, na tukaandika kwenye mkataba wa mtoa huduma kwamba njia haitabadilishwa bila sisi kujulishwa. Ukitaka kufanya jambo moja tu kati ya haya niliyoyaeleza, omba ramani.

Upimaji nao una mitego yake. Wastani ni kipimo kibaya kwa mtu anayesubiri. Kazi 95 zikichukua saa mbili kila moja na tano zikachukua saa 12, wastani ni saa mbili na nusu, na ripoti inapendeza. Wale wenye kazi tano wamepoteza siku. Kwa B tulikubaliana kwamba angalau kazi 95 kati ya kila 100 zimalizike ndani ya muda, na zinazobaki zitajwe moja moja kwenye ripoti ya mwezi pamoja na sababu. Kwa A hakuna asilimia, kila kazi iliyochelewa inahesabiwa. Kipimo kinachukuliwa kwenye folda ya mteja, faili likishafika lote na kuhakikiwa, kwa sababu gridi inaweza kusema imemaliza huku matokeo bado yanasafiri.

Mkataba ulipimwa kweli tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za baharini zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na majirani. Sehemu ya kazi zetu ilikuwa kwenye seva za kukodi kule kule Afrika Kusini. Huenda ziliendelea kuhesabu, ila matokeo hayakuwa na njia ya kurudi. Kwa kuwa madaraja yalishaandikwa, sikuhitaji kumpigia mkurugenzi yeyote simu kuomba ruhusa. C zote zilisimamishwa, B zikasogezwa, na A zikaanzishwa upya kwenye seva za Dar na Nairobi. A zilifika kabla ya 07:00. Baadhi ya B zilichelewa.

Mwenzangu wa sheria alitaka tutumie kile kifungu cha matukio yaliyo nje ya uwezo wetu ili tusilipe fidia kwa B. Nilikataa. Februari ya mwaka huo huo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Jambo ambalo kila mhandisi wa mtandao wa pwani hii analitarajia haliwezi kuitwa lisilotarajiwa. Tulikata malipo ya mwezi ya idara zilizoathirika kama mkataba unavyosema, kisha tukakiandika upya kifungu chenyewe: kukatika kwa waya mmoja au njia moja hakutusamehe tena.

Fidia yenyewe niliipigania iwe ndogo na ipande kidogo kidogo kadiri ucheleweshaji unavyoongezeka. Adhabu kubwa ya mkupuo inamfanya fundi afiche tatizo hadi asubuhi akitumaini litajitibu, na mimi nataka aniamshe saa nane usiku. Ile zawadi ya WS-Agreement tuliigeuza kuwa punguzo: idara inayotangaza mzigo wake mapema na kuukaribia katika makadirio inalipa pungufu mwezi unaofuata. Tangu hapo makadirio yanafika bila kufukuzana.

Kinachonishughulisha sasa ni data kuvuka mipaka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya na Uganda zina sheria zao za 2019, na zote zinaweka masharti ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Gridi haioni mpaka, inatafuta mashine iliyo wazi. Kwa hiyo kila kazi sasa inabeba alama ya nchi inakoruhusiwa kufanyikia, na zinazokwenda Afrika Kusini zinaondolewa kwanza majina, namba za vitambulisho na namba za simu. Kuondoa huko kunakula muda wa usiku wa mteja. Wenzetu wa Kampala wanataka muda huo uhesabiwe upande wetu, kwa hoja kwamba sisi ndio tuliochagua kukodi mashine nje. Hoja yao ina nguvu, na kwenye rasimu ya mkataba mpya nimekubali tuubebe sisi kwa kazi za A, huku wao wakileta mafaili yao 18:00 badala ya 19:00. Wakisaini, tutaanza nao kwenye hesabu za robo mwaka ijayo.