Kategoria hutaja kitu, sifa hukieleza

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupanga katalogi za maduka ya mtandaoni, na karibu kila katalogi niliyoikuta imevurugika ilikuwa na tatizo lile lile: mambo yaliyostahili kuwa sifa za bidhaa yamegeuzwa kuwa kategoria. Unakuta chini ya "Viatu" kuna "Viatu vyeusi", chini yake "Viatu vyeusi vya ngozi", kisha "Viatu vyeusi vya ngozi vya kiume". Duka likiwa na bidhaa 40 mpangilio huo huonekana nadhifu. Bidhaa zikifika 4,000, matawi yamekuwa mengi kiasi kwamba hata mwenye duka hayajui yote, na kiatu cha kahawia chenye soli nyeusi hakina pa kukaa, au kinawekwa mahali pawili na bei yake inasahaulika kubadilishwa pamoja.

Ninapopanga upya, huanza na maswali mawili. Kategoria hujibu "hiki ni kitu gani?", na sifa hujibu "kikoje?". Kiatu hubaki kiatu hata kikibadilishwa rangi, kwa hiyo rangi ni sifa. Viatu na soksi vyote huvaliwa miguuni, lakini kiatu kina urefu wa kisigino na aina ya soli, mambo ambayo soksi haina. Hapo ndipo ninapoweka mpaka: kundi la bidhaa likianza kudai sifa ambazo majirani zake hawana, limestahili kategoria yake. Lisipodai, libaki lilipo, hata kama mwenye duka anapenda kuliona jina lake kwenye menyu.

Fikra hii imeitangulia intaneti. Mwaka 1933 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alitoa mfumo wa kupanga vitabu ambao haukukipa kila kitabu tawi moja tu la mti, bali ulikieleza kwa pande zake mbalimbali na kuziunganisha pande hizo. Vichujio tunavyoviona pembeni mwa orodha ya bidhaa, vya rangi, saizi na malighafi, vinafanya kazi kwa msingi huo huo.

Programu za maduka nazo zimejengwa zikitegemea utengano huu. Magento, iliyotoka mwaka 2008, huhifadhi sifa kwa utatu wa kitu, sifa na thamani, ili sifa mpya iongezwe bila kuongeza safuwima katika jedwali la bidhaa. Kisha sifa hukusanywa katika seti, ili anayeingiza viatu asiulizwe ukubwa wa skrini. Unyumbufu huo una gharama yake, kwa sababu taarifa za bidhaa moja zinaweza kukusanywa kutoka majedwali kadhaa, na kila sifa isiyo na kazi ni mzigo unaobebwa bure.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika thamani zenyewe, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Katika duka moja sehemu ya rangi ilikuwa imeachwa wazi ili kila mtu aandike apendavyo. Nilikuta "Nyeusi", "nyeusi", "nyeusi" yenye nafasi tupu mwishoni, "blaki" na "nyeusi ya mkaa", na kichujio kilizionyesha kama rangi tano. Mteja aliyechagua ya kwanza aliona sehemu ndogo tu ya alichokuwa akikitafuta, akaondoka akiamini kwamba duka halina. Tangu wakati huo huweka orodha funge, ambayo kila thamani ndani yake ina msimbo usiobadilika na jina la kuonyeshwa linaloweza kurekebishwa. Rangi huigawa katika sifa mbili: rangi ya msingi, inayotumika kuchuja, na jina la rangi kama mtengenezaji alivyoliita, linalosomwa kwenye ukurasa wa bidhaa tu.

Vipimo navyo vinataka uangalifu wa aina hiyo. "Mita 1.5", "sm 150" na "150" ni urefu mmoja kwa binadamu, lakini kwa mashine ni maneno matatu. Namba zikihifadhiwa kama maandishi, 10 hutangulia 9, kwa kuwa mashine hulinganisha herufi ya kwanza na ya kwanza. Sehemu ya kipimo ipokee namba peke yake, na kizio kiandikwe mara moja katika maelezo ya sifa.

Si kila sifa inayostahili kuwa chaguo la mnunuzi. Rangi 8 kwa saizi 6 ni michanganyiko 48. Ukiongeza malighafi 3 inakuwa 144, na kila mmoja unahitaji namba yake ya bidhaa na hesabu yake ya stoo. Kwa hiyo sifa huwa chaguo pale tu inapobadilisha kitu kinachochukuliwa rafuni. Maelekezo ya ufuaji hayabadilishi kitu hicho.

Vichujio visiachwe kuzalisha anwani za kurasa ovyo. Thamani 10 zinazoweza kuwashwa au kuzimwa hutoa michanganyiko 1,024, na injini za utafutaji zitapoteza muda kwenye kurasa zinazofanana.

Jambo ninalolipigania zaidi ninapoketi na wenye maduka ni sifa za lazima. Bidhaa isiyojazwa saizi haionekani mteja anapochuja kwa saizi, ingawa iko stoo na imelipiwa. Lakini ukilazimisha sehemu 20 zijazwe, waingizaji waliochoka wataandika "hakuna" au kistari, na vichujio vitajaa takataka. Mimi hulazimisha zile chache ambazo mteja huchuja nazo katika kategoria husika, nyingine naziacha kwa hiari, na kila wiki natoa orodha ya bidhaa zenye mapengo ili zijazwe na mtu mwenye bidhaa hiyo mkononi.